Marathoni ya vilima kule Yukon, kiangazi: maswali mnayoniuliza kila wiki

Tangu nirushe ile picha nimekaa chini kwenye majani, mguu mmoja una raba mwingine hauna, medali shingoni, simu yangu haijatulia. Voisi kila siku na maswali ni yaleyale, kwa hiyo nayajibu yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii tu. Mbio zenyewe ni Yukon River Trail Marathon, zinakimbiwa Whitehorse, kaskazini kabisa mwa Kanada, mwanzoni mwa Agosti. Mi mtoto wa Moshi, sahivi naishi Kanada hukuhuku ila kusini zaidi, nimekimbia mara mbili, ya kwanza kwa kiburi na ya pili kwa adabu.

Whitehorse ndo wapi? Si Alaska?

Sio Alaska, ila ni jirani. Ni makao makuu ya Yukon, Kanada, kwenye latitudo ya 60.7 kaskazini. Mji mdogo sana, sensa ya 2021 ilihesabu watu elfu 28 na ushee, yaani ukiwabeba wote ukawapeleka Uwanja wa Mkapa hawafiki nusu ya viti. Ni ardhi ya asili ya Kwanlin Dün na Ta'an Kwäch'än, wenyeji waliokuwepo kabla ya huo mji kuitwa mji. Jina la Whitehorse limetokana na maporomoko ya mto Yukon, povu lake watu waliliona kama manyoya ya shingo ya farasi weupe. Usiyatafute, bwawa la umeme liliyafunika mwaka 1958 na sasa pale juu ni ziwa limetulia kimya.

Tutakimbia kwenye theluji?

Hapana jamani. Hili ndo swali namba moja, sijui kwa nini mtu akisikia Kanada anawaza friza. Agosti mchana ni digrii 20 hivi, siku nyingine inazidi, asubuhi inaweza kuwa chini ya 10. Hewa kavu sana kwa sababu milima ya upande wa pwani inakula mvua yote kabla haijafika. Ila hali inageuka. Mwaka wa pili tulianza na jua, tukanyeshewa katikati, jua likarudi tukamaliza nalo, kwa hiyo koti jepesi la mvua mi nalifunga kiunoni hata kama anga liko safi.

Eti jua halizami?

Linazama, usidanganywe na picha za Juni. Juni mwishoni siku ina mwanga wa saa kama 19 na usiku wenyewe hauwi mweusi kabisa. Mwanzo wa Agosti ni saa 16 na nusu hivi.

Ila hapa kuna kitu kinachekesha kwa sisi watu wa saa za Kiswahili. Kwetu saa zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza, saa moja asubuhi ni saa moja ya mwanga, kila kitu kimekaa mahali pake. Sa Whitehorse Agosti jua linazama saa nne na dakika 20 usiku! Usiku gani sasa huo, watoto wako nje wanacheza mpira, jirani anakata majani na mashine. Nilimpigia mama nikamwambia huku saa tatu usiku jua linaniunguza, akaniuliza kama nimekula vizuri.

Faida yake kwenye mbio ni kwamba hakuna giza la kukukuta njiani. Hasara ni mbili. Ya kwanza, usingizi. Kama gesti uliyopanga haina pazia zito utakodoa macho mpaka saa sita, beba hata khanga uitundike dirishani, mi nilifanya hivyo. Ya pili wengi hawaijui, saa za Yukon zimesogezwa mbele kuliko jua lenyewe, kwa hiyo jua linakuwa utosini saa nane mchana na sio saa sita. Joto la siku linafika kilele saa kumi na moja jioni huko. Maana yake kadiri unavyochelewa njiani ndo joto linavyoongezeka, na sisi wa mwisho mwisho ndo tunalila lote.

Na sisi Waislamu, sala inakuwaje?

Adhuhuri yako itakuwa baada ya saa nane, Maghribi baada ya saa nne usiku, na Isha ndo mtihani kwa sababu giza totoro halifiki kipindi hicho. Mkimbiaji mwenzangu wa Mombasa aliwauliza Waislamu wa hapo wanafuata ratiba gani akaifuata hiyohiyo, fanya hivyo pia, usitegemee programu ya kwenye simu peke yake maana moja inakwambia hivi nyingine vile.

Lami nakimbia saa nne, hapa nitamaliza saa ngapi?

Sahau muda wako wa lami, uache hukohuko lami.

Mi lami nina saa tatu na dakika 52, niliupata Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, na wanaoijua wanajua kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka kinavyotesa. Nikakaa chini nikapiga hesabu, nikasema huku naongeza dakika 40, nikaona nimeheshimu vilivyo. Nikaja kumaliza saa sita na dakika tisa, wa kwanza nisiyemkumbuka jina alishaoga akala akalala.

Kwa nini inakuwa hivyo? Njia ni nyembamba, kuna sehemu ni upana wa mabega, mizizi ya misonobari imetambaa kama mishipa ya mkono wa mzee, kila hatua unaangalia unakanyaga wapi, na huwezi kuangalia chini huku unakimbia mwendo wako wa barabarani. Kuna vipande vya mchanga laini wa vumbi, mguu unazama. Halafu vilima vyenyewe havina mpangilio, unapanda dakika tatu, unashuka mbili, unapanda tena, mwili haupati mdundo. Ile raha ya lami ya kuachia akili ilale huku miguu inaenda, huku hamna.

Ukinilazimisha nikupe namba, chukua muda wako wa lami ongeza nusu yake. Ukimaliza mapema zaidi utanitukana kwa furaha.

Kutembea kwenye mlima si aibu?

Hapa ndo nilipoumbuka mwaka wa kwanza, ngoja nisimulie. Kama kilomita ya 12 kuna mpando, sio mrefu, ila umesimama. Mi nakimbia, najiona mwanaume, vidole tu ndo vinagusa, pumzi inatoka kama pampu ya baiskeli. Nyuma yangu nasikia mtu anapumua taratibu kabisa. Mama wa makamo, nywele nyeupe kazifunga kitambaa, mikono kaikandamiza juu ya magoti, anatembea hatua ndefu. Akasema samahani kwa upole, akanipita. Yeye anatembea mimi nakimbia, na ananipita! Juu ya kilima akaanza kukimbia na sikumuona tena mpaka kwenye supu baada ya mbio.

Mlima ukisimama, kukimbia na kutembea kunakupa karibu mwendo uleule ila kukimbia kunakumaliza. Kwa hiyo tembea, lakini tembea kwa kazi, sio kama umetumwa dukani. Inamisha mwili mbele kidogo, sukuma mapaja kwa viganja, hatua fupi pale panapoteleza. Na uanze kutembea tangu kilima cha kwanza ukiwa bado una nguvu. Ukingoja mpaka uchoke ndo utembee, ushachelewa.

Vilima ni virefu kama Kilimanjaro?

Wala. Mji wenyewe uko chini kuliko Moshi, hewa ya kutosha ipo, hakuna kizunguzungu cha urefu. Wachaga wenzangu msijidanganye hapohapo, nawajua. Tatizo sio urefu wa kilima kimoja, ni wingi wa vilima, na zaidi ya yote ni kushuka.

Kupanda kunakuchosha, kushuka kunakuvunja. Unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, inavutika huku inakaza, na hiyo kazi ndo inayochanika ndani kidogokidogo. Hausikii siku hiyohiyo. Mi niliisikia keshokutwa yake, nilishuka ngazi za gesti kwa makalio kama mtoto wa miezi kumi, ngazi moja baada ya nyingine, na kuna familia ya Wajerumani ilikuwa inasubiri nipite.

Nafanyaje mazoezi, naishi sehemu tambarare?

Kushuka kunafundishika haraka, hiyo ndo habari njema. Misuli ikishapigwa mara moja na mshuko mrefu, inajijenga na kwa wiki kadhaa haiumii tena kiasi kile. Kwa hiyo fanya mazoezi ya kushuka mara mbili tatu ndani ya miezi miwili ya mwisho, la mwisho liwe wiki mbili au tatu kabla ya mbio, sio siku tatu kabla.

Wa Dar nendeni Pugu na Kisarawe huko, alfajiri, msilalamike. Wa Nairobi mna Ngong, hamna kisingizio. Kigali na Bukavu nyie hata kwenda sokoni ni mazoezi. Wa Doha na Dubai nawaonea huruma, tumieni maegesho ya magari ya ghorofa, pandeni kwa miguu na kushuka mkikimbia ile njia ya magari usiku pakiwa patupu, au ngazi za jengo mnaloishi, mlinzi atazoea. Wa Lushoto sina la kuwaambia, nyie tuelekezeni sisi.

Na kimbia kwa muda badala ya kilomita. Saa tatu porini hata kama umeenda kilomita 20 tu, umefanya kazi.

Njia inapita wapi, kuna cha kuona?

Mitaa ile imejaa njia za porini, mamia ya kilomita kuzunguka mji, na eneo la mbio ni ukingo wa mto Yukon, upande wa Miles Canyon na maziwa ya Chadburn chini ya mlima Grey Mountain. Kwa macho yangu Miles Canyon ndo penyewe. Mto wa kijani kama chupa ya soda unabanwa kati ya kuta za mawe meusi ya volkano, mawe yamesimama kama nguzo, na juu yake kuna daraja la miguu la kuning'inia lililojengwa 1922. Likiwa na watu linacheza, usiogope.

Palepale ndo wachimba dhahabu wa 1897 na 1898 walipopita kwa wingi wakikimbilia machimbo ya Klondike na mitumbwi ya kuunga. Ajali zilizidi mpaka mkuu wa polisi, Sam Steele, akapiga marufuku wanawake na watoto kupita majini, washuke watembee nchi kavu, na mashua ziongozwe na watu wanaojua kazi. Kukawa na reli ya mbao, vitoroli vinavutwa na farasi kuvusha mizigo. Mi kila nikifika hapo nimechoka najiambia walionitangulia hapa walikuwa na gunia mgongoni.

Kingine kidogo, mtoto wa Kilimanjaro lazima akione: sehemu ambazo ukingo wa njia umekatika, angalia kwenye udongo, kuna mstari mwembamba mweupe kama chokaa. Hilo ni jivu la volkano iliyolipuka upande wa mpaka wa Alaska kama miaka 1,200 iliyopita. Nilisimama kuligusa, nikapitwa na watu wanne, sijutii.

DUBU. Tuambie ukweli kuhusu dubu.

Wapo, weusi na wale wakubwa wa kahawia wanaoitwa grizzly. Siku ya mbio yenyewe hofu iwe ndogo, watu ni wengi, kelele, harufu za jasho na jeli za sukari, dubu mwenye akili anaondoka. Wasiwasi uwe siku zile unazoenda kunyoosha miguu peke yako kabla ya mbio, maana Agosti ndo wanakula vitunda vyekundu vya porini kando ya njia zilezile, kichwa kimezama kichakani, hasikii kitu. Ukimkuta ghafla ndo balaa.

Kwa hiyo piga kelele. Wenyeji wanaita kwa lugha yao, mi nabisha hodi. Kila kona isiyoonekana mbele, "Hodi wenyewe! Hodi!" kwa sauti ya juu, hakuna dubu aliyewahi kunijibu karibu na hivyo ndo ninavyotaka. Usizibe masikio na muziki.

Beba dawa ya kupuliza ya pilipili, ivae kifuani au kiunoni, sio ndani ya begi, ukishaanza kufungua zipu mambo yamekwisha. Inafika mita chache tu, tano mpaka kumi hivi, na angalia upepo usije ukajipikia macho yako mwenyewe. Inunue ukifika, kwenye ndege haipandi, si begi la mkononi wala la chini.

Ukimuona: simama. Usikimbie, narudia, usikimbie, hata uwe bingwa wa mkoa, yule anakimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Ongea naye kwa sauti ya chini, rudi kinyumenyume taratibu, mpe njia. Akiwa na watoto ongeza umbali mara moja. Mi nimemuona mmoja tu, mweusi, mita kama 60, mgongo kwangu, makalio yanatikisika anakula. Nilirudi nyuma mpaka kwenye gari bila kugeuka, nikakaa ndani dakika 20 ndo nikakumbuka kwamba ile pilipili nilikuwa nayo mkononi muda wote na kizuizi cha usalama sijatoa.

Kuna na moose, fikiria pofu aliyepewa miguu mirefu na mapembe kama sinia. Watu wanamdharau kwa sababu anakula majani. Msimdharau, hasa jike mwenye ndama.

Mbu je? Chanjo ya malaria?

Malaria hamna. Mbu wapo wengi ajabu, Juni na Julai ndo kilele, Agosti wanapungua wanakuja vijinzi vyeusi vinavyouma kwenye nywele. Ukiwa unakimbia hawakupati. Ukisimama kufunga kamba za raba, wamekupata.

Raba gani?

Zenye meno chini, za njia za porini. Namba iwe kubwa nusu au moja kuliko ya kawaida, kwa sababu ukishuka vidole vinagonga mbele na mguu unavimba. Mi mwaka wa kwanza nilivaa raba mpya zilizonibana vizuri dukani. Matokeo yake yako chini kabisa ya haya maswali.

Maji na chakula?

Vituo vya maji vipo ila usitegemee ile ya lami kwamba kila baada ya dakika chache kuna meza. Vaa kibegi chenye lita moja angalau. Maji ya mto na maziwa yanaonekana masafi mpaka unatamani, usinywe bila kuchuja, kuna vijidudu vya kinyesi cha wanyama vitakukalisha chooni wiki mbili.

Kula mapema na kidogokidogo, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Jeli zinanichefua baada ya saa ya tatu, kwa hiyo mi na tende zangu, zile kubwa, tatu kwa saa zinatosha kabisa, natoa kokwe nyumbani ili nisiteme mate na kokwe kwa pamoja mbele za watu. Na viazi vya kuchemsha vimepakwa chumvi, kwenye kimfuko cha plastiki, vidogo vya kumeza kwa tonge moja. Kuna kijana aliniona nakula kiazi kilomita ya 30 akaniomba. Nikampa kimoja. Kunywa ukisikia kiu, usijimwagie malita kwa hofu, maji kupita kiasi nayo yanaangusha watu.

Nikipotea?

Fuata alama, na ukikimbia dakika tano hujaona alama yoyote, simama, rudi mpaka ya mwisho uliyoiona. Usiendelee mbele kwa matumaini. Mi niliendelea mbele kwa matumaini, kosa langu mwenyewe maana kona ilikuwa na alama na mi nilikuwa nawaza ugali, nikaongeza kama kilomita moja na nusu za bure. Simu pakua ramani kabla, mtandao porini unakatikakatika. Pita na filimbi, ni gramu chache tu.

Moshi wa moto wa msituni?

Hili lichukulieni serious kabisa kuliko dubu. Kiangazi misitu ya kaskazini inaungua, mwaka 2023 Kanada ilivunja rekodi yake. Upepo ukigeuka mji unajaa moshi, jua linakuwa jekundu kama nyanya. Kanada wana kipimo cha hewa, 1 mpaka 10 na zaidi, ikifika 7 kwenda juu mi sikimbii hata kama nimeuza mbuzi kulipa nauli. Mwenye pumu asingoje hata hiyo 7.

Visa na safari?

Mtanzania na Mkenya wote mnahitaji visa ya Kanada na alama za vidole. Anza miezi mingi kabla, na tiketi ya ndege usilipe kabla visa haijatoka, kujisajili kwenye mbio sio tiketi ya visa. Njia ya kawaida ni kufika Vancouver kisha ndege ya saa mbili na nusu mpaka Whitehorse. Saa ziko kumi nyuma ya Afrika Mashariki kwa hiyo fika siku nne tano kabla, na gesti panga mapema maana kiangazi watalii wanajaa na bei zinapanda bila aibu.

Medali ni nzuri?

Ya kawaida. Supu ndo nzuri.

Na ile picha, kwa nini mguu mmoja hauna raba?

Nilikuwa naangalia kucha. Mbili za mguu wa kushoto zilishakuwa nyeusi, kubwa na ya pili yake, ya kubwa ilitoka ndani ya soksi wiki ya pili nikiwa kazini. Ndio, inaota tena, ilichukua karibu mwaka mzima na imerudi imepinda kidogo.